Nani Anashika Kamba Yake?

Kwa nini baba yangu, mtu aliyeyaogopa maji kuliko alivyoiogopa radi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutunyamazisha kila redio ilipoanza kutangaza mashindano ya kuogelea? Nimelibeba swali hilo tangu likizo kubwa ya mwaka nilipomaliza darasa la sita. Nimekwenda nalo chuo kikuu, nimerudi nalo, na sasa mvi zimeanza kunitoka na bado sina jibu kamili. Nikilifikiria, kinachonijia kwanza ni harufu ya maziwa yaliyochemka yakafurika juu ya majivu, kisha moshi wa kuni mbichi za mkaratusi, kisha ule ukali wa jibini changa zilizopangwa juu ya mbao katika chumba cha nyuma zikisubiri lori. Katikati ya harufu hizo ipo sauti ya mtangazaji anayesema Kifaransa kwa haraka, na nyuma yake kelele za umati zinazopanda na kushuka kama mvua inayopita juu ya mabati. Baba ananyoosha kiganja hewani. Sote tunanyamaza, hata mama, ambaye hakuwa mtu wa kunyamazishwa.

Tulikaa Bihambwe, kwenye mteremko ambao ukungu wake wa asubuhi ulichelewa kuondoka mpaka ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Ng'ombe ndio waliokuwa kazi yetu. Waliokaa nasi jirani walikuwa wakulima waliozaliwa na kuzikiwa wazee wao kwenye vilima hivyo hivyo, na aliyekuwa karibu nasi zaidi ni Papa Bauma, mtu wa maharage na viazi, mwenye kicheko kilichotangulia kufika kabla yake mwenyewe. Yeye alituletea viazi, sisi tulimpa maziwa, na jioni alikuja kusikiliza redio kwa sababu yake ilikuwa imekufa zamani na alikataa kuizika. Redio yetu nayo ilikuwa na umri. Betri zake zilipochoka, mimi ndiye niliyezitoa asubuhi na kuzianika juu ya jiwe pamoja na mahindi ya mbegu, ili jua lizirudishie nguvu kidogo za jioni. Nilizigeuza kama mtu anayegeuza samaki, kwa uangalifu ule ule, maana niliamini kwamba upande usioota jua ungetunyima nusu ya habari.

Likizo ile iliangukia katika majira ya Olimpiki. Ngumi baba hakuzijali. Mbio alizisikiliza huku akisuka kamba, na zilipokwisha alisema tu kwamba watu hao wangefaa kuchunga. Lakini ilipofika zamu ya kuogelea, kamba ilishuka mapajani na mikono ikatulia. Kwa kuwa matangazo yalikuwa kwa Kifaransa, na mimi ndiye niliyekuwa nimetoka shuleni na Kifaransa kibichi mdomoni, niliwekwa kwenye kigoda karibu na redio niwe mkalimani. Sikuwahi kuwa na cheo kikubwa kuliko hicho. Nilitafsiri nilichokielewa, na nilichokosa nilikijaza kwa akili yangu, na hakuna aliyenikamata, isipokuwa pale tulipofika kwenye jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yetu aliyelielewa.

Kwetu milimani, maji ni kitu cha kuvuka. Mto uko katikati ya hapa ulipo na pale unapokwenda, na mtu anaingia ndani yake kwa sababu daraja limechukuliwa na mvua na ng'ombe wake wamebaki ng'ambo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba zipo sehemu duniani ambako watu huingia majini bila kuwa na safari. Kwa hiyo sote tulidhani kwamba waogeleaji wale walikuwa wakivuka mto mpana sana, na Papa Bauma alitaka kujua ng'ambo wanakwenda kufanya nini, na kama kuna soko. Nilipokutana na mwalimu wetu njiani nikamwuliza, akacheka, akanichorea mchangani kwa fimbo: bwawa lenye kuta nne, mistari ndani yake, mtu anaogelea hadi ukutani, anagusa, anageuka, anarudi alikotoka. Jioni niliwaeleza wote barazani. Papa Bauma alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Sasa kule ku ukuta alisahau nini?" Watu walicheka mpaka ng'ombe mmoja akaitika zizini. Baba hakucheka. Alinitazama kana kwamba nimemletea habari za msiba au za harusi na hajui ni zipi.

"Wanarudi upande ule ule?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Bote?"

Nikasema wote, Papa, ndivyo mchezo ulivyo. Akatikisa kichwa taratibu, kisha akauliza lile ambalo angeliuliza kila jioni tangu siku hiyo hadi michezo ilipokwisha: "Na nani anashika kamba yake?"

Inafaa nieleze kamba hiyo, kwa maana msomaji aliyekulia mjini au kando ya ziwa anaweza kuliona swali la baba kuwa la kijinga. Wachungaji wa kwetu, wanapolazimika kuvusha ng'ombe wakati mto umejaa, humtanguliza mtu mmoja majini akiwa amefungwa kiunoni kamba ya ng'ombe, iliyosukwa kwa nyuzi za mkonge, nene kama kidole gumba. Mwenzake hubaki ukingoni ameishika mwisho wake. Anayeshika kamba haruhusiwi kufanya kitu kingine, hata kama ng'ombe wanasombwa, hata kama mvua inamtia upofu. Kwao kuingia majini ni kazi ya watu wawili. Mtu anayeingia majini bila mwenzake kushika kamba huhesabiwa kuwa mlevi au mwenye huzuni, na katika hali zote mbili watu humkimbilia kumzuia. Ndiyo maana baba hakuweza kuelewa mashindano ambamo watu wanane wanajitupa majini kwa pamoja na redio haimtaji hata mmoja aliyebaki ukingoni. Nilisikiliza kwa makini kila jioni nikitafuta neno la Kifaransa ambalo lingekuwa kamba. Halikuja.

Ndipo ikafika jioni ya yule Mwafrika. Nchi yake sikumbuki tena, na nisingependa kuibuni. Haikuwa yetu, lakini kwenye baraza yetu jioni ile alikuwa mtoto wa nyumbani. Mtangazaji alisema kwamba alikuwa amejifunza kuogelea karibuni tu, kwamba nchini kwake hakukuwa na bwawa la urefu ule, na kwamba hajawahi kushindana katika safari ndefu namna hiyo. Niliyatafsiri yote hayo kwa fahari. Nilipomtazama baba nikaona ameziba mdomo kwa ngumi. Kipenga kikalia. Wakaingia. Mwanzoni jina lake lilitajwa pamoja na ya wengine, kisha likawa linatajwa nyuma yao, kisha wengine wakafika wote, mshindi akatangazwa, na mtangazaji akashusha sauti. Alisema kwamba mmoja bado yuko majini. Alisema mikono yake imekuwa mizito, kwamba miguu inazama, kwamba bado kuna umbali kabla ya ukuta. Nilitafsiri neno kwa neno, bila kujaza kitu safari hii. Umati ukaanza kupiga kelele, na kelele hizo zikaanza kuwa nyembamba na kurudi nyuma, kama zinazotoka ndani ya chungu, kisha redio ikatoa mlio mmoja wa chini na kunyamaza. Betri zilikuwa zimekwisha.

Papa Bauma aliipiga redio ubavuni. Mama alizitoa betri na kuzisugua kwenye kitenge, akaziweka karibu na moto, akazirudisha. Tulipata nusu ya sauti ya mtu akisoma habari za jambo jingine, kisha hata hiyo ikaondoka. Watu wakaaga. Kwao mambo yalikuwa wazi: ameshindwa, hakuna cha kungoja. Baba alibaki ameketi. Kuwa wa mwisho kwa yule mtu hakukumsumbua hata kidogo, na nadhani neno la kushinda halikuwa limepita kichwani mwake tangu michezo ianze. Aliniuliza tu maneno ya mwisho niliyoyasikia yalikuwa yapi, hasa. Nikamwambia: yuko peke yake, bado hajafika. Akaniomba niyarudie. Nikayarudia.

Asubuhi hakwenda malishoni. Aliwakabidhi ng'ombe kwa kaka yangu, akachukua bidoni tupu la maziwa, akalipeleka barabarani na kuligeuza liwe kiti, akakaa pale panapopita malori yanayotoka mjini kuelekea Walikale. Nilikwenda naye, kwa kuwa mkalimani hakuwa ameachishwa kazi. Kila gari lililopunguza mwendo kwenye matope alilisimamisha. Dereva alipotoa kichwa, baba alimsalimia kwa heshima zote, akauliza habari za njia, za mvua, za familia, kisha akauliza kama yule mtu wa majini alitoka. Wa kwanza alidhani daraja limevunjika mbele na akataka kugeuza lori lake. Wa pili alishuka kabisa, akavua kofia, akauliza ni mto gani na mazishi ni lini. Mwingine alimwambia kwamba yeye anabeba simenti, mambo ya maji hayajui. Jua likapanda, vumbi likaanza kushika nafasi ya matope, na mimi nikaanza kuona haya, kama mtoto wa umri ule anavyoweza kumwonea haya mzazi wake. Baba hakuona haya. Aliendelea kusimama kwa kila lori, na kila mara alilivuta koti lake likae sawa kabla ya kuuliza.

Ilikuwa karibu na adhuhuri lilipofika lori lililokuwa likichukua jibini zetu kwenda nazo Mubi. Dereva wake tulimjua, mtu mnene aliyependa kuimba, na kwenye kioo cha mbele alikuwa na redio yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Ule mutu wa maji," baba alimwambia, "ule mwenye alibaki peke yake. Alitoka?"

Dereva akacheka. "Ule wa mwisho? Alitoka, Papa. Alikawia kabisa, lakini alitoka. Watu bote walisimama, bakamupigia makofi kupita hata ule mwenye alishinda."

"Ulisikia na masikio yako?"

"Na yangu yote mbili."

"Alitokea upande gani?"

Dereva alinitazama mimi, kama anayeomba msaada, kisha akamjibu kwa upole ambao sikuutegemea kwake. "Upande wake, Papa. Pale pale kwenye aliingilia."

Baba akaketi juu ya bidoni. Aliketi kwa namna ambayo bidoni lilitoa mlio, akaweka mikono juu ya magoti, akapumua pumzi moja ndefu iliyonifanya nielewe kwamba tangu jana jioni hakuwa amepumua sawasawa. Kisha akatabasamu. Akamwambia mama, aliyekuwa ameshuka na jibini za lori, atoe moja iliyoiva vizuri apewe dereva, na mama alipouliza kwa sababu gani akajibu kwamba kuna mtu ametoka majini. Nami nilihisi kitu kimefunguka kifuani mwangu, ingawa yule mtu sikumjua na nisingemjua kamwe. Nimefaulu mitihani mingi baada ya hapo, nimezaa, nimepona ugonjwa ambao sikutegemea kupona, na bado nikitaka kueleza maana ya kupata nafuu naikumbuka pumzi ile ya baba juu ya bidoni la maziwa.

Tulipokuwa tukipanda kurudi nyumbani ndipo aliponiambia habari za mdogo wake. Nilijua kwamba kulikuwa na baba mdogo Faustini aliyekufa kabla sijazaliwa, lakini jina lake lilikuwa likitajwa kwenye sala tu. Mto ulikuwa umejaa, ng'ombe walikuwa ng'ambo, Faustini akaingia na baba akashika kamba. Hakuiachia. Alinisimulia hilo mara mbili, kwamba hakuiachia, na akanionyesha viganja vyake kana kwamba alama zingekuwepo bado. Aliivuta, ikarudi nyepesi, kitanzi kikiwa kimefungwa vile vile na hakuna mtu ndani yake. Alisimama ukingoni mpaka giza, kisha siku zilizofuata alitembea akifuata mto, na Faustini hakutoka upande wowote. Tulipofika kwenye zizi akaongeza kwamba hakuwahi kujua kama kuna maji ambayo mtu anaingia na kurudi, na sasa amejua.

Mtu angetarajia kwamba baada ya siku ile angeturuhusu kuogelea. Hakuturuhusu. Tuliendelea kukatazwa mto, na niliendelea kuoga kwa beseni, na nilipopelekwa likizo nyingine Pinga kwa mama mdogo niliapishwa kwamba nisilowane kupita magoti. Nilitii. Kisha vita vikatuondoa Bihambwe, ng'ombe wakaisha, na baada ya kuhamahama kwingi tukatulia huko huko Pinga, mwisho wa njia ya pikipiki, ambako nafundisha historia na jiografia. Mama alitangulia. Baba anaishi nami, mzee sana, hana ng'ombe hata mmoja, lakini bado anasuka kamba. Watu hununua kwake za kufungia mbuzi. Moja ndefu, ya mkonge, nene kama kidole gumba, haiuzi. Inaning'inia juu ya kitanda chake.

Binti yangu Neema amekulia kando ya mto. Alijua kuogelea kabla sijajua kwamba anajua, na nilipogundua nilikaa chini kama baba alivyokaa juu ya lile bidoni, ila bila nafuu. Anayatazama mashindano ya kuogelea kwenye simu yangu mtandao unapokubali. Anawaona waogeleaji kutoka juu, kutoka pembeni, hata kutoka chini ya maji. Anajua nani ameshinda kabla ya kutazama, na bado anatazama, akichunguza namna wanavyogeuka ukutani. Yeye hahitaji mkalimani. Wakati mwingine nahisi kwamba amepata picha na kukosa ule ukimya wa barazani, kisha namwona akirudia mgeuko mmoja mara nyingi kwa kidole, macho yamemtoka, na najua kwamba ukimya anao. Na zaidi ya hayo, yeye hajui kwamba kuogelea ni kuvuka. Kwake tangu mwanzo ni kwenda na kurudi. Nadhani vizazi viwili vya nyumba yetu vilikuwa vinangoja mtu wa kufikiri hivyo.

Mwaka huu mwalimu wao wa mazoezi, kijana mwenye bidii, alitangaza kwamba vijana wa mkoa watakuwa na michezo yao, na kuogelea kutakuwemo. Mchujo ungefanyika asubuhi ya Jumamosi kwenye kona ya mto ambako maji yametulia, kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mti uliochomekwa, na kurudi. Atakayetaka kushiriki aje na mzazi wake. Neema aliniambia Ijumaa tulipokuwa tukichambua maharage, bila kunitazama. Alijua ninavyosema kila mara: tutaona. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, na mikono yake ilisimama juu ya kamba aliyokuwa akiisuka. Nilijiuliza nina haki gani ya kumrudisha mzee huyu ukingoni. Nikajiuliza pia nina haki gani ya kumpa binti yangu kiapo changu cha magoti, ambacho mimi mwenyewe nimekivaa miaka yote hii kama nguo ya mtu mwingine. Nikasema kwa sauti, ili wote wawili wasikie, kwamba kesho Neema ataogelea na mimi nitakwenda naye. Neema aliendelea kuchambua maharage, lakini alianza kutupa hata mazuri. Baba aliiweka kamba chini. Aliinuka, akaingia ndani.

Asubuhi tulimkuta amesimama uani amevaa koti, na ile kamba ndefu begani. Tulishuka watatu. Kwenye kona ya mto watoto walikuwa tayari wamevua mashati, na walipomwona mzee anamfunga Neema kiunoni, mmoja akauliza bei ya huyu ni ngapi leo sokoni. Neema akamjibu bila kugeuka, "Uliza Tate, njo mwenye ng'ombe." Tate ndivyo anavyomwita babu yake, na njo kwetu ni ndiye. Mwalimu alikuja mbio, akaeleza kwa adabu kwamba kwenye mashindano hakuna kamba.

"Kule njo hakuna," baba akamwambia. "Hapa bado hatujafika kule."

Mwalimu alinitazama, nikatazama mto, akaacha. Baba alimwonyesha Neema fundo la wachungaji: ukivuta hapa linafunguka lote mara moja. Alimfanya avute, alifungue, alifunge tena mwenyewe. Kisha akajikita ukingoni, mguu mmoja mbele, mwisho wa kamba ukiwa umezungushwa kwenye ngumi, na kipenga kikalia.

Neema alikwenda vizuri. Mimi sikutazama maji. Nilitazama mikono ya baba, namna ilivyoilisha kamba kidogo kidogo, isikaze, isilegee, kazi ambayo mwili wake haukuwa umeisahau. Mizunguko ikaisha chini. Ikabaki ile ya ngumini. Kamba ikanyooka juu ya maji kabla Neema hajaufikia mti, na nikaona mabega yake yakikwama. Kamba haikutosha. Wenzake walikuwa wanageuka. Alisimama kidogo ndani ya maji, kichwa nje, akatutazama, na mkono wake haukwenda kwenye fundo. Alikuwa anamngoja babu yake.

Baba akafungua ngumi. Mwisho wa kamba ukateleza juu ya nyasi, ukaingia mtoni, ukaondoka. Alibaki amenyoosha viganja vyake mbele yake, wazi, vitupu, na mimi nikavikamata vyote viwili kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kushika. Neema akaugusa mti. Akageuka jinsi alivyojifunza kwenye simu, vibaya kidogo, akaanza kurudi, na kamba nzima ikimfuata nyuma kama mkia. Alifika wa pili kutoka mwisho. Akapanda juu ya jiwe lile lile alilorukia, maji yakimchuruzika, akavuta fundo, kamba ikafunguka yote.

"Ametoka," baba akasema, akainama kuiokota.